Kiwanja cha Dicey

Hebroni, Kansas
20 Oktoba 1878

Dada Permelia,

Tumefika. Mwambie Mama tumefika salama, na umwambie kwa sauti kubwa, maana najua atakuuliza tena na tena.

Haya yanayofuata usimsomee. Mji haupo. Ile karatasi aliyotuonyesha Bwana Crutcher kanisani, yenye mnara na barabara za miti, ilikuwa picha tu. Gari la farasi lilisimama katikati ya nyasi, akateremka, akanyoosha mikono kama mchungaji mimbarini, akasema, "Karibuni Hebroni." Tukatazama huku na huku. Osborn wangu akamuuliza, "Iko wapi?" Kabla hajajibiwa, sauti ya mwanamke ikatoka chini ya miguu yetu: "Wewe mwenye viatu vizito! Shuka kwenye paa langu!"

Watu wanaishi ardhini, dada. Wamechimba mashimo ubavuni mwa kilima, wakaezeka kwa nguzo, nyasi na udongo. Yule aliyepiga kelele anaitwa Lavinia Pettway, ametoka Kentucky kama sisi. Alitoka na mwiko mkononi, akaona tumbo langu, hasira ikamwisha. Yeye pia ni mjamzito. Alitupa mkate wa mahindi na tukalala kwake mpaka Osborn alipomaliza kuchimba shimo letu.

Wanawake wengine walilia siku ile wakataka kurudi. Mimi sikulia. Osborn alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupigwa. Nikamwambia, "Shika jembe." Hapa hakuna mzungu wa kuniambia ardhi hii ni yake. Hilo tu linanilaza usingizi.

Kampuni ya mji, ile ya Bwana Crutcher, imeahidi kwamba mtoto wa kwanza kuzaliwa Hebroni, kama atapewa jina la mji, atapewa kiwanja kwa jina lake, katikati ya mji. Lavinia na mimi tunatazamana matumbo kama wanunuzi wa matikiti.

Mdogo wako,
Arminta


Georgetown, Kentucky
17 Novemba 1878

Minta mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea Mama jikoni. Nilipofika pale ulipokataza, nikaruka. Mama akasema, "Mbona macho yako yanaendelea kwenda na mdomo umenyamaza?" Nikamwambia mwandiko wako mbaya. Akasema, "Mwandiko wa Minta haujawahi kuwa mbaya. Wewe ndiye mwongo mbaya." Basi nikamwambia mnaishi katika nyumba ya udongo. Akacheka. Alisema hata Adamu alianza na udongo.

Lakini sikiliza, na hili ni kati yetu. Mwezi uliopita alianguka akitoka kisimani. Daktari alimsikiliza kifua, akaniita nje, akasema moyo wake umechoka, asishtuliwe na lolote. Kwa hiyo ukiandika, andika mazuri. Kama kuna mabaya yasiyokwepeka, yaandike kwenye karatasi ya pembeni, mimi nitajua la kufanya. Nakuomba, Minta. Nimebaki naye peke yangu.

Shule inaendelea. Nina watoto wengi kuliko viti.

Dada yako,
Permelia


Hebroni
2 Februari 1879

Dada Permelia, na Mama,

Hii someni yote!

Ni msichana. Alizaliwa tarehe tisa Januari, wakati theluji imeziba mlango na Osborn anaifukua kwa sufuria. Lavinia ndiye aliyenizalisha, tumbo lake likiwa mbele kama meza. Alipomshika mtoto akasema, "Haya, umenishinda, mchawi wewe," kisha akambusu. Yeye alijifungua siku mbili baadaye, mvulana. Naye amemwita Hebroni, kwa kunikomoa tu.

Mama, mtoto ana jina lako. Anaitwa Dicey Hebroni Tolliver. Bwana Crutcher alikuja na kofia mkononi, akatangaza mbele ya watu wote kwamba huyu ndiye mtoto wa kwanza wa mji, na wa kaunti nzima siku kaunti itakapoundwa. Kiwanja amepewa, katikati kabisa, na vigingi Osborn amevigonga mwenyewe. Mama, wewe ulizaliwa ukiwa mali ya mtu. Mjukuu wako ana ardhi na hajaota jino.

Wiki iliyopita Waosage, watu waliokuwa hapa kabla yetu sote, walipita wakitoka kuwinda, wakatupa nyama, na tulikuwa tunaihitaji. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Bwana Crutcher akamweleza kwa ishara nyingi kwamba wangu ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nchi hii. Yule mama akamtazama mwanangu, akamtazama wa kwake, akacheka mpaka akashika tumbo. Hata mimi nilicheka. Bwana Crutcher hakucheka.

Dicey ana nyusi zako, Mama. Akikasirika zinakutana.

Wenu,
Arminta


Georgetown
9 Machi 1879

Minta,

Kama ungemwona Mama! Barua yako ameivaa kifuani kama nishani. Hajui kusoma, lakini Jumapili aliifungua kanisani akaishika mbele ya Mama Burdette, akasema, "Hapa pameandikwa Dicey. Na hapa pameandikwa ardhi." Alikuwa ameishika juu chini. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Anakula sasa. Anakwenda kisimani mwenyewe, ananifukuza nikimfuata. Daktari ameshangaa. Anashona kofia ya mtoto, nyeupe, na kila akimaliza anaifumua kwa sababu anadhani kichwa kimekua.

Anaomba kitu kimoja: umkatie kishungi cha nywele za Dicey, ukitie ndani ya bahasha.

Permelia


Hebroni
11 Mei 1879

Dada Permelia, na Mama,

Tuko salama. Mvua zimenyesha vizuri na mahindi yamechipua. Osborn alikuwa mbali akifanya kazi ya reli, sasa amerudi. Daktari ameletwa Hebroni, daktari wa kwanza, kijana mpole kutoka Tennessee. Tumechimba pia kisima cha kwanza cha mji, hatuendi tena mtoni.

Dicey ametulia sana. Hasumbui mtu.

Samahani barua ni fupi. Kuna kazi nyingi shambani.

Arminta


Hebroni
29 Juni 1879

Permelia,

Hii ni ya macho yako peke yako. Keti kwanza.

Dicey hayupo. Alikufa Aprili, kwa kifaduro. Kilianzia kwa mtoto wa Lavinia, kikaja kwake. Yule akapona.

Osborn alikuwa kwenye reli. Nilimbeba Dicey usiku na mchana, na alikuwa akikohoa mpaka midomo inabadilika rangi, kisha ananitazama kama ananiuliza nini hiki. Alifia mikononi mwangu asubuhi, jua limeshatoka. Daktari yule niliyewaandikia alifika wiki mbili baadaye. Watu walimpokea kwa nyimbo. Mimi nilibaki shimoni.

Hapakuwa na makaburi, maana hakuna aliyekuwa amekufa bado. Wazee wakaanza kubishana wapi pafanywe makaburi ya mji, huku mtoto amelala mezani. Nikawaambia ana kiwanja chake. Lavinia akachukua sepetu, nami nikachukua sepetu, tukamzika pale katikati, ndani ya sanduku la sabuni.

Baada ya siku chache Bwana Crutcher alikwenda kwa Lavinia, akamwambia kwamba mtoto wa kwanza aliye hai sasa ni wake, kwa hiyo kiwanja kihamishiwe kwa mvulana. Lavinia akamwambia, "Mwanangu ni wa pili. Ukirudi hapa na maneno hayo nitakumwagia maji ya moto." Tangu siku hiyo tunakula pamoja.

Niliandika ile barua ya Mei kwa sababu ya moyo wa Mama. Nilikaa na kalamu, nikaona kila ukweli ninaoweza kuuandika utamuua. Umesema anakula kwa sababu ya Dicey. Nikasema basi aendelee kula. Lakini ameomba nywele, Permelia. Sina. Sikukata hata unywele mmoja. Sikufikiri. Kila nikichukua kalamu naona nitalazimika kuomba nywele za mtoto wa Lavinia nizitie kwenye bahasha, na hilo siwezi.

Wewe uko karibu naye. Wewe utajua namna ya kumwambia, au kutomwambia. Nimeshindwa.

Minta


Georgetown
30 Juni 1879

Minta mpenzi,

Usinikasirikie. Mama ameondoka.

Nilimzuia mpaka sauti ikakauka. Familia ya Burdette inahamia Kansas, na aliposikia tu akauza ng'ombe, kitanda na kile kiti cha kubembea. Nikamwambia, "Mama, daktari amesema nini?" Akasema, "Daktari hana mjukuu mwenye ardhi." Nikamwambia atafia njiani. Akasema, "Basi nitakuwa nimekufa nikielekea mahali. Maisha yangu yote nimekuwa nikipelekwa, leo nakwenda."

Amepanda treni leo asubuhi. Amevaa koti langu, na kofia ya mtoto ameifunga kwenye leso ameishika mkononi, hakukubali iwekwe mzigoni. Treni ilipoanza kwenda alikuwa anacheka kama msichana.

Barua yako ya Mei ilikuwa fupi, alisikitika hukuweka nywele. Lakini alisema, "Hasumbui mtu. Huyo si wa ukoo wetu, nakwenda kumfundisha kusumbua."

Mpokee vizuri. Mpe Dicey mikononi mara tu akishuka, kabla hajakaa, maana nadhani hicho ndicho kinachomshikilia.

Permelia


Georgetown
9 Julai 1879

Arminta,

Barua yako nimeipata leo. Mama ameshakwenda.

Nimekimbia mpaka stesheni kama mwendawazimu. Sijui nilitaka kufanya nini. Karani akaniuliza nataka kusafiri wapi, nikageuka nikarudi nyumbani.

Kwa nini hukuniambia mimi? Nilikuomba karatasi ya pembeni. Nilikuandikia wazi! Ningemficha, ningemzuia, ningemvunja mguu ikibidi. Nilisimama stesheni nikampungia leso mama yangu anayekwenda kumwona mtoto aliyekufa, na nilikuwa nacheka naye.

Nimeandika hayo na sasa nayaona ni makali. Umemzika mtoto wako peke yako. Najua. Naandika kwa mkono mmoja wa hasira na mmoja wa kilio, chukua unaoutaka.

Nijulishe. Hata kama ni habari gani, nijulishe.

Permelia


Hebroni
24 Julai 1879

Dada,

Yuko hai. Naanza na hilo.

Barua yako ya kwanza ililetwa na gari lilelile lililomleta Mama. Sikuwa najua lolote. Nilikuwa napalilia na Lavinia, tukaona gari linakuja na watu wanashuka, nikasema, "Tazama yule bibi, ana mwendo kama wa Mama yangu." Lavinia akasema, "Ana uso kama wako pia." Jembe likaniponyoka.

Alikuwa ananijia mikono mbele, na leso mkononi. Hakunisalimu. Alisema, "Nipe mtoto wangu."

Mtoto wa Lavinia alikuwa amelala kwenye kikapu pembeni ya shamba, na Mama akamwona. Uso wake ukafunguka wote, Permelia. Akapiga magoti, akaanza kufungua leso, akatoa kofia, anaongea naye, "Wewe ndiye Dicey? Wewe ndiye unayejifanya mpole?" Lavinia akanitazama. Ni Lavinia aliyeinama akamshika mkono, akamwambia kwa upole sana, "Mama, huyu ni wa kiume. Huyu ni wangu."

Mama akabaki na kofia mkononi. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Aprili."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Hakutaka kushikwa. Alitembea mpaka kule kwa miguu yake mibovu, akaketi chini kwenye udongo, akaweka kiganja juu ya kaburi kama mtu anayepima homa. Nilikuwa nangoja aanguke. Niliketi karibu ili nimdake.

Baadaye akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Daktari alimwambia Permelia moyo wako ungevunjika."

Akageuka akanitazama kwa zile nyusi. "Mimi nilisimama sokoni Lexington nikamwona Wiley wangu anapandishwa jukwaani kuuzwa. Nikamwona Esta. Burrell walimchukua nikiwa shambani, nilirudi nikakuta shati lake kwenye kamba. Moyo wangu uliyaona hayo na kesho yake nikakamua ng'ombe wa watu. Ninyi mlidhani utavunjwa na karatasi?"

Nikaanza kulia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kulia vizuri tangu Aprili. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie, akawa anang'oa nyasi zilizoota juu ya kaburi, moja moja.

Tulipoinuka aliniuliza, "Mlimwosha?" Nikasema ndiyo. "Kwa maji ya moto?" Nikasema ndiyo, Mama, ya moto. Akasema, "Vizuri."

Analala kwetu. Ananiamrisha kutwa. Osborn anamwogopa.

Minta


Georgetown
3 Septemba 1880

Mama mpenzi,

Minta anakusomea hii, na Minta, usiruke chochote.

Umekaa huko mwaka mzima sasa. Nimekutengenezea chumba cha mbele, kina dirisha. Nimenunua kitanda. Mama, huko unalala ndani ya shimo na majira ya baridi yanakuja tena. Ulikwenda kwa ajili ya mtoto. Mtoto hayupo, na sisemi hivyo kukuumiza. Umemfariji Minta vya kutosha, ana mume, na nasikia ana mimba tena, Mungu amlinde. Mimi hapa nina shule na nyumba tupu. Nikirudi jioni naongea na jiko.

Rudi nyumbani. Nitakuja mwenyewe kukuchukua ukisema neno.

Mwanao,
Permelia


Hebroni
17 Oktoba 1880

Permelia mwanangu,

Haya ni maneno yangu, Minta anaandika. Nimemwambia nikimwona kalamu imesimama na mdomo wangu unakwenda, nitampiga.

Barua yako nimeisikia. Kabla sijakujibu nina habari.

Sasa sisi ni kaunti. Watu wa serikali walikuja, wakahesabu, wakasema Hebroni iwe makao makuu. Kukapigwa fataki, ng'ombe wa Pettway wakakimbia hadi leo wawili hawajarudi. Halafu wakasema lazima ijengwe nyumba ya mahakama, na lazima iwe katikati ya mji. Unajua katikati ya mji kuna nani.

Osborn aliwakubalia. Hakumwuliza mkewe. Siku hiyo katika shimo letu hapakukalika. Minta alimwambia, "Ulikuwa kwenye reli alipokufa, na sasa unamfukuza." Osborn akatoka nje akakaa kwenye baridi. (Minta ananitazama. Andika, Minta. Ni kweli ulisema.) Nilimfuata. Alikuwa analia, mtu mzima yule. Aliniambia, "Mama, nikikataa, wataupeleka mji kwingine, na watu wote hawa wamekuja kwa miguu. Nitawatazamaje?" Nikaona naye ana kweli yake. Nikarudi ndani nikamwambia Minta, "Ukitaka tugome, nitaketi juu ya lile kaburi na bunduki ya Osborn, waje wanitoe. Unataka?" Alifikiri usiku kucha. Asubuhi akasema, "Hapana. Lakini asiguswe na mtu asiye wetu."

Basi Osborn akatengeneza sanduku zuri la mbao, akachimba mwenyewe, akaliweka lile la zamani ndani ya jipya bila kulifungua. Bwana Crutcher alikuwa ameleta gari, amelipamba na utepe mweusi, kwa sababu makaburi mapya yako juu ya kilima, na wakubwa walitaka ionekane heshima. Nikamwambia gari ni la magunia. Akasema, "Bibi, kilima ni kirefu, na miguu yako tunaijua." Nikamwambia, "Hata mimi naijua. Nipishe."

Nilimbeba mimi, Permelia. Minta asingeweza, ana tumbo. Osborn alitaka kunipokea njiani, nikakataa. Lavinia alikuwa nyuma anaimba, na watu wote wa kaunti walifuata, hata wale wa serikali wamevua kofia. Nilipumzika mara nyingi. Kila nikipumzika wote walisimama.

Mwanangu, nilizaa watoto watano. Wewe na Minta ninawajua mlipo. Wale watatu sikuwabeba hata hatua moja kuwaaga. Walibebwa na watu wengine, kwa gari. Nilipokuwa napanda kile kilima nilikuwa nawabeba wote, na sikusikia miguu inauma hata kidogo. Iliuma kesho yake.

Sasa kuna karani wa kaunti, kijana, anazunguka anaandika mambo ya kwanza kwenye kitabu kikubwa. Nyumba ya kwanza, kisima cha kwanza, ndoa ya kwanza. Dicey ameandikwa mahali pawili, aliyezaliwa kwanza na aliyekufa kwanza. Nilimwambia anisomee tena na tena. Akaniuliza mimi aniandike wa kwanza wa nini. Nikamwambia, "Mimi sina, baba. Mimi nilichelewa kufika."

Kuhusu kurudi. Najua jinsi nyumba tupu inavyolia jioni. Nimeishi ndani yake. Lakini siji. Kule Kentucky kila Jumapili baada ya kanisa niliwaona watu wanakwenda makaburini na maua yao, nami nikaenda nyumbani. Hapa Jumapili nina mahali pa kwenda.

Njoo wewe. Kaunti haina mwalimu, na watoto wanazidi. Uza hicho kitanda. Uje na viatu imara, maana njia ya kilimani ina mawe.

Mama yako,
Dicey
X (alama yake mwenyewe)